Hospitali iliyowafungulia milango wapiga filamu

Mwaka 1976, filamu ya One Flew Over the Cuckoo's Nest ilizoa tuzo tano kubwa za Oscar: filamu bora, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, mwigizaji wa kike na mwandishi wa skripti. Kabla yake ni filamu moja tu iliyowahi kufanya hivyo, mwaka 1935.

Haikufika huko kwa urahisi. Ken Kesey aliandika riwaya yake ya mwaka 1962 baada ya kufanya zamu za usiku katika hospitali ya wanajeshi wa zamani huko Menlo Park, California. Mwigizaji Kirk Douglas alinunua haki zake, lakini kwa zaidi ya miaka kumi hakupata kampuni ya kuigharimia filamu. Mwishowe alimwachia mwanawe, Michael, aliyeitayarisha pamoja na Saul Zaentz na kumkabidhi Milos Forman wa Czechoslovakia aiongoze.

Ilipigwa katika Hospitali ya Jimbo la Oregon, mjini Salem. Mkuu wa hospitali, Dkt. Dean Brooks, aliwaacha waigizaji wakae na wagonjwa, baadhi ya wagonjwa wakapewa kazi za utayarishaji, na yeye mwenyewe akaigiza kama daktari.

Jack Nicholson ni McMurphy, mfungwa anayejitia wazimu ili akwepe kazi za gerezani. Muuguzi Ratched, aliyeigizwa na Louise Fletcher, hapigi kelele. Anatawala wodi kwa sauti ya upole. Anapowanyima wagonjwa fainali ya besiboli, McMurphy anakaa mbele ya televisheni iliyozimwa na kuanza kutangaza mechi ya kubuni. Wenzake wanashangilia kana kwamba wanaiona. Hapo ndipo mtazamaji anapoacha kuona wendawazimu na kuona watu.

Lakini filamu hii iliacha hofu pia. McMurphy anapewa tiba ya shoti ya umeme akiwa macho, na wengi wakaamini kuwa tiba hiyo ni adhabu. Leo hutolewa mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, na huwasaidia watu wenye sonona kali.

Itazameni, ila isiwe sababu ya kumkimbia daktari. Inachokishtaki ni utawala usiomsikiliza mgonjwa. Mwenye ndugu wodini aende akamwone, amsikilize, na aulize anatibiwaje.