Erigone: buibui kibete wa michoro ya Savigny

Napoleon alipokwenda kuiteka Misri mwaka 1798, alifuatana na wanasayansi pamoja na askari. Mmoja wao alikuwa Jules-César Savigny, kijana wa miaka 21, aliyepewa kazi ya kuchunguza wanyama wasio na uti wa mgongo. Hakudharau kiumbe kwa udogo wake. Hata buibui wa milimita mbili au tatu walichorwa kwa uangalifu ambao mtu akiutazama leo lazima astaajabu.

Kisha macho yakamharibikia. Maelezo ya michoro hakuweza kuyaandika, kazi akakabidhiwa Victor Audouin, na mwaka 1826 likatoka jina la jenasi Erigone pamoja na spishi Erigone vagans. Kwa kanuni za sayansi jina hufuatana na aliyeliandika, kwa hiyo vitabu humtaja Audouin. Naona Savigny amepunjwa.

Leo jenasi hiyo ina spishi takribani 100. Erigone atra, aliyeelezwa na Mwingereza John Blackwall mwaka 1833, amejaa mashambani Ulaya, E. prominens ameenea toka Kameruni hadi Japani na New Zealand. Dume ana vimeno vidogo vilivyopangana ukingoni mwa kifua chake.

Wamefikaje kote huko bila mabawa? Buibui hupanda hadi ncha ya jani, husimama kwa ncha za miguu, huinua tumbo, hutoa nyuzi, kisha hupaa. Mwaka 1832 Darwin, akiwa ndani ya meli ya Beagle maili 60 kutoka pwani ya Amerika Kusini, aliona kamba za meli zimetapakaa nyuzi na buibui wadogo wa namna hiyo. Blackwall alishikilia kwamba hubebwa na hewa inayopanda. Wengine wakasema ni umeme. Hoja ya umeme ikawekwa kando kwa muda mrefu.

Mwaka 2018, Erica Morley na Daniel Robert wa Chuo Kikuu cha Bristol waliwatia Erigone ndani ya sanduku lisiloingiza upepo wala umeme wa nje. Umeme ulipowashwa, buibui walisimama kwa ncha za miguu, na baadhi wakapaa, ulipozimwa, wakashuka. Vinyweleo vya miguuni vilitikisika, ishara kwamba wanauhisi. Upepo haukupoteza nafasi yake, ila sasa una mwenzake.

Ndiyo maana shamba la ngano lililotoka kulimwa halikosi wageni hawa: hushuka toka angani na kuanza kuwala vidukari.