Mlolongo wa 1988: mimbari, jarida na foleni ya mzee wangu

Kila uchaguzi ukikaribia, huu mjadala unarudi: viongozi wa dini wanyamaze, vyombo vya habari viache uchochezi, siasa tuwaachie wanasiasa. Sawa. Hebu turudi 1988 kidogo, kisha mniambie nani mwingine angesema. (Majina ya wakubwa na vyama sitaji, mnanijua.)

Kwa mliozaliwa juzi: Februari 1988, mchujo wa chama pekee kilichoruhusiwa ulifanywa kwa mlolongo. Karatasi hakuna, sanduku hakuna. Unasimama nyuma ya mgombea au wakala wake aliyeshika picha, unahesabiwa kama mbuzi. Chifu anakuona. Mwajiri anakuona. Jirani anayekudai pia anakuona. Na aliyepata asilimia 70 kwenye foleni alipita moja kwa moja, hakungoja kura ya siri ya Machi.

Mzee wangu alisimama kwenye foleni ndefu. Iliyotangazwa mshindi ni ile fupi. Akarudi nyumbani, akavua viatu, na mwezi uliofuata hata kituoni hakwenda.

Sasa, waliopinga mapema walikuwa wachungaji. Mwaka 1986, mfumo ulipotangazwa, wachungaji waliokutana chini ya Baraza la Makanisa, NCCK, waliukataa. Mchungaji akishaonekana nyuma ya mgombea mmoja, Jumapili atamhubiria nani? Mimi naona hoja hiyo peke yake ilikuwa ndogo kuliko tatizo: ilimwokoa mchungaji, muumini ikamwacha juani. Na ndivyo ilivyokuwa. Viongozi wa dini waliruhusiwa wasipange foleni, wananchi wakapangwa.

Lakini baraza hilohilo lilikuwa na jarida, Beyond. Likaandika wazi jinsi mlolongo ulivyoibwa. Machi 1988 likapigwa marufuku, na kukutwa na nakala, hata ya zamani, kukawa kosa. Mhariri akahukumiwa kifungo. Kosa lake? Eti hakuwasilisha taarifa za mauzo. Sikieni hiyo: walioiba foleni wako bungeni, mwandishi yuko ndani kwa ajili ya makaratasi.

Kufikia mwisho wa 1990 mlolongo ulikuwa umetupwa.

Sisemi mimbari au redio ni malaika. Baada ya uchaguzi wa 2007, Tume ya Waki iliandika kuhusu matangazo ya chuki kwenye baadhi ya stesheni za lugha za mama. Na mimbari haimiliki kura ya mtu: 2010 viongozi wengi wa makanisa walihimiza watu waikatae katiba, wengi wakaketi kanisani, wakasikiliza vizuri, kisha asilimia 67 ya kura zikawa za ndiyo.

Desemba 1992 mzee alirudi kituoni. Alipanga foleni tena, tena ndefu, ila safari hii ilikuwa inaelekea kwenye sanduku. Alimpigia nani? Mpaka leo hajatuambia.