Picha nzuri si ushahidi: Namna ya kupanga programu ya kukadiria mwangaza wa majengo

MSANIFU majengo wa leo anaweza kumwonyesha mteja chumba ambacho hata msingi wake haujachimbwa: jua likipenya dirishani, kivuli cha dawati kikilala sakafuni na dari iking'aa. Kazi hiyo hufanywa na programu za tarakilishi zinazofuatilia miale ya nuru. Swali ambalo wateja huliuliza kwa nadra ni iwapo mwangaza huo ni wa kweli au ni pambo tu.

Swali hilo si dogo. Darasa likijengwa kwa kutegemea picha yenye kasoro, wanafunzi watasomea gizani au watapigwa na jua usoni kwa miaka yote ya jengo hilo. Dirisha lililokwisha kujengwa halihamishwi kwa urahisi kama lile la kwenye skrini.

Kufuatilia miale si wazo geni. Arthur Appel wa kampuni ya IBM alilieleza mwaka wa 1968, na mnamo 1980 Turner Whitted akachapisha mbinu iliyoshughulikia pia vioo na vitu vinavyopitisha nuru. Mwale hufuatwa kinyumenyume, kuanzia jichoni hadi kwenye uso wa kitu na hatimaye kwenye chanzo cha nuru. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya miale itokayo juani au kwenye taa haifiki machoni mwa mtazamaji, na kuihesabu yote kungekuwa kupoteza wakati.

Miongoni mwa programu za aina hii, Radiance inaheshimiwa mno katika taaluma ya ujenzi. Ilibuniwa na Greg Ward katika maabara ya Lawrence Berkeley, jimboni California, Marekani, kuanzia miaka ya themanini. Tangu 2002 imekuwa ikitolewa bila malipo pamoja na msimbo wake. Mwaka wa 1995, John Mardaljevic wa Uingereza alichapisha utafiti uliolinganisha makadirio yake na vipimo vilivyochukuliwa chini ya anga halisi, na matokeo yakakaribiana sana.

Sifa hiyo, hata hivyo, haimkingi mtumiaji anayeipa programu mipangilio mibovu. Mambo manne yanahitaji kuangaliwa kwa makini kabla ya kuamini matokeo yoyote.

MAHALI NA ANGA

Jambo la kwanza ni kuiambia programu jengo liko wapi na anga lake likoje. Katika Radiance, amri iitwayo gensky hupewa mwezi, tarehe, saa, latitudo, longitudo na meridiani ya saa za nchi. Watumiaji wengi wa Afrika Mashariki hukwama hapa, kwa kuwa programu hii huhesabu digrii za magharibi kuwa chanya na za mashariki kuwa hasi.

Nairobi iko takriban digrii 1.29 kusini na digrii 36.82 mashariki, nayo saa ya Afrika Mashariki hufuata meridiani ya digrii 45 mashariki. Kwa hivyo nambari zote tatu huandikwa na alama ya kutoa: -1.29 kwa latitudo, -36.82 kwa longitudo na -45 kwa meridiani. Alama ya longitudo pekee ikisahaulika, jua la kwenye picha litakosea kwa karibu saa tano. Alama za longitudo na meridiani zikisahaulika pamoja, kosa litapungua hadi takriban dakika 65. Kosa hili la pili ni la hatari zaidi, maana picha itaonekana ya kawaida na hakuna atakayeshuku.

Aidha, desturi za kusanifu zilizoandikwa kwa ajili ya Ulaya hazifai kunakiliwa hivi hivi. Jijini Nairobi, jua la adhuhuri la Juni 21 huwa upande wa kaskazini, takriban digrii 65 juu ya upeo wa macho. Ifikapo Desemba 21 huwa upande wa kusini, takriban digrii 68. Hivyo basi, madirisha ya pande zote mbili hupata jua la moja kwa moja kwa nyakati tofauti za mwaka, na ni sharti chumba kijaribiwe kwa tarehe zote mbili, asubuhi, adhuhuri na jioni.

Anga lenyewe nalo huchaguliwa. Kuna anga la jua kali na kuna anga la mawingu mazito, ambalo kwa kipimo cha kimataifa huwa na utosi unaong'aa mara tatu kuliko upeo wa macho. Palipo na vipimo vya hali ya hewa vya mnururisho wa jua, amri ya gendaylit huweza kuunda anga linalofuata vipimo hivyo.

RANGI NA VIOO

Jambo la pili ni sifa za nyuso. Mchoraji wa picha za matangazo huchagua rangi kwa macho, ilhali mkadiriaji wa mwangaza huhitaji kujua ni sehemu gani ya nuru inayorudishwa na kila uso. Pasipo na vipimo, wataalamu wengi huanza na asilimia 70 hadi 80 kwa dari nyeupe, 50 kwa kuta na 20 kwa sakafu.

Nyeupe ya tarakilishi, yenye thamani ya 1.0, isitumiwe kamwe kwa ukuta. Hakuna rangi ya dukani inayorudisha nuru yote, na chumba cha namna hiyo kingekuwa na mwangaza usiopatikana popote duniani.

Kioo cha dirisha kina mtego wake. Kioo cha kawaida kilicho safi hupitisha takriban asilimia 88 ya nuru, lakini Radiance hutaka nambari isiyojumuisha nuru inayoakisiwa na nyuso mbili za kioo. Nambari sahihi kwa kioo hicho ni 0.96. Anayeandika 0.88 atakuwa ameweka kioo kinachopitisha asilimia 81 pekee, na chumba chake kitaonekana chenye giza kuliko hali halisi.

Kwa upande wa taa za umeme, njia bora ni kutumia faili za IES zinazotolewa na watengenezaji, ambazo hueleza nuru ya taa huelekea upande gani na kwa nguvu kiasi gani. Nguvu hiyo hupunguzwa kidogo ili kuzingatia vumbi na uchakavu.

MIRUKO YA NURU

Jambo la tatu ni idadi ya mara ambazo nuru inaruhusiwa kuruka kutoka uso mmoja hadi mwingine. Chaguo hilo huitwa -ab, na mtumiaji asipoligusa huwa sufuri. Katika hali hiyo, programu huhesabu nuru inayotoka moja kwa moja kwenye chanzo pekee, na sehemu ambazo hazilioni jua wala taa hubaki nyeusi tititi.

Baadhi ya watumiaji huficha weusi huo kwa kutumia chaguo la -av, linaloongeza mwangaza wa kiwango kimoja kila mahali. Picha hupendeza, lakini mwangaza huo umebuniwa na mtumiaji mwenyewe, haukutoka dirishani.

Idadi inayofaa hutegemea weupe wa chumba. Ikiwa nyuso hurudisha nusu ya nuru, baada ya miruko mitano hubakia takriban asilimia 3, kiasi kinachoweza kupuuzwa. Nyuso zikirudisha asilimia 80, baada ya miruko mitano bado husalia takriban asilimia 33. Kwa hivyo chumba cheupe, au kilicho na kina kirefu kutoka dirishani, huhitaji miruko mingi zaidi kuliko chumba cheusi.

USAHIHI DHIDI YA MUDA

Jambo la nne ni wingi wa miale. Chaguo la -ad huamua idadi ya miale inayotawanywa kutoka kila nukta inayochunguzwa. Ikiwa michache, picha hujaa madoadoa. Chaguo za -aa na -ar nazo huamua nukta hizo zikaribiane kiasi gani, kwa kuwa programu haichunguzi kila mahali bali hukadiria baina ya nukta.

Ukubwa wa mandhari yote huathiri hesabu hii. Umbali mdogo kabisa baina ya nukta ni ukubwa wa mandhari ukizidishwa kwa -aa na kugawanywa kwa -ar. Kwa mandhari ya mita 10, -aa ya 0.1 na -ar ya 100, umbali huo ni sentimita 1. Mtu akiongeza uwanja wa nje wenye upana wa mita 1,000 bila kubadilisha mipangilio, umbali huwa mita 1 nzima, na vivuli vidogo vya chumbani hupotea.

Isitoshe, programu inaweza kuhifadhi hesabu za nukta hizo katika faili ili kuokoa muda. Rangi ya ukuta au umbo la chumba likibadilishwa, faili hiyo ni lazima ifutwe, la sivyo chumba kipya kitaangazwa kwa nuru ya chumba cha zamani.

KUPIMA MATOKEO

Hakuna mpangilio mmoja unaofaa majengo yote. Utaratibu wa busara ni kuchagua nukta chache, kama vile juu ya madawati, na kuiagiza programu itoe nambari badala ya picha. Matokeo ya wati hubadilishwa kuwa luksi kwa kuzidisha kwa 179, kiwango ambacho Radiance hukitumia. Kisha miruko na miale huongezwa hatua kwa hatua hadi nambari zikome kubadilika kwa kiasi cha maana, mathalani zaidi ya asilimia 5.

Nambari hizo ndizo hulinganishwa na mahitaji. Kazi ya kusoma na kuandika kwa kawaida hutengewa luksi 300 hadi 500, ilhali nje kwenye jua kali mwangaza hufikia takriban luksi 100,000. Tofauti hiyo ni kubwa mno hata jicho la mwanadamu halifai kuwa hakimu, kwani huzoea giza na mwanga bila mwenyewe kutambua.

Hali kadhalika, mtaalamu huweza kuanza na chumba kilichokwisha kujengwa, akipime kwa kifaa cha kupimia nuru na kukilinganisha na kielelezo chake kwenye tarakilishi. Vikitofautiana sana, kasoro hutafutwa kabla ya kugusa jengo jipya.

Mteja naye ana haki ya kudai zaidi ya picha. Mchoro wowote wa mwangaza unapaswa kuandamana na tarehe na saa ya jua lililotumika, aina ya anga, asilimia za rangi za kuta, aina ya kioo na idadi ya miruko. Mambo hayo matano hujaza karatasi moja tu, na kwa karatasi hiyo mtaalamu mwingine anaweza kurudia hesabu na kuona kama atapata jibu lile lile.