Kiraka na Pingamizi: Historia Fupi ya Uhakiki wa Msimbo kwa Barua Pepe

Mwaka 1985 Larry Wall, mtaalamu wa programu wa Marekani, alisambaza programu ndogo aliyoiita patch, yaani kiraka. Kabla yake, programu ya diff, iliyotungwa katika maabara ya Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliweza kulinganisha faili mbili na kuonyesha zilipotofautiana. Ile ya Wall ilizipokea tofauti hizo na kuzitia katika faili ya zamani, ikawa mpya. Tangu hapo aliyerekebisha programu aliweza kutuma mistari aliyoibadilisha tu, nayo ilitosha ndani ya barua moja.

Hatua hiyo huhesabiwa kuwa ya kiufundi. Kwa mwanaisimu, uzito wake ni kwamba iliufanya msimbo uwe matini inayoweza kujibiwa. Katika mradi wa Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991, kiraka huandikwa ndani ya barua pepe yenyewe kwa maandishi matupu. Mstari unaoondolewa hutanguliwa na alama ya kutoa. Unaoongezwa, alama ya kujumlisha. Wahakiki wengi wameisoma barua hiyo katika terminali, kwa programu kama Mutt, iliyotungwa na Michael Elkins mwaka 1995, isiyohitaji kipanya wala picha. Mhakiki akibonyeza herufi ya kujibu, kila mstari hunukuliwa ukiwa na mshale mbele yake. Hufuta asiyoyahitaji, kisha huandika pingamizi lake chini ya mstari uleule anaoupinga. Mwandishi naye hujibu chini ya pingamizi, na mishale huongezeka. Kwa kuihesabu, msomaji hutambua kauli ipi ilitangulia. Pingamizi likikubaliwa, kiraka hutumwa upya kikiwa na namba ya toleo.

Mwaka 2003 kampuni ya SCO iliishtaki IBM ikidai kuwa msimbo wake uliingizwa katika Linux. Mwaka uliofuata mradi ulianza kutaka kila kiraka kibebe mstari wenye jina la aliyekitoa, akithibitisha kuwa ana haki ya kukitoa. Wanaokipitisha huongeza majina yao chini yake. Waliozoea elimu ya hadithi wataitambua isnadi hapo.

Utaratibu huu haukosi gharama. Programu ya barua inayokatakata mistari mirefu hukiharibu kiraka, na mgeni hurudishiwa kazi kabla hoja yake haijasomwa. Ukali wa majibu nao umewaumiza wengi. Septemba 2018 Torvalds mwenyewe aliomba radhi kwa lugha yake.

Hata hivyo, wapangaji wa istilahi za Kiswahili wana sababu ya kuutazama. Orodha ya istilahi iliyochapishwa humwonyesha msomaji neno lililoshinda. Barua za uhakiki humwonyesha pia yaliyoshindwa, nani aliyapinga, na kwa hoja gani. Rasimu ya istilahi tayari ni mistari ya maandishi matupu, kila neno na mstari wake, na tahajia ya Kiswahili haina herufi hata moja ambayo terminali kongwe ingeshindwa kuionyesha.