Uzito wa Kifyatulio: Habari za Bunduki katika Usukuma

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za kitu kidogo sana, kisichozidi urefu wa kidole. Nacho ni kifyatulio cha bunduki, ule ulimi wa chuma uvutwao kwa kidole cha shahada. Kidogo, walakini kimeua watu wengi ambao hakuna aliyekusudia kuwaua.

Wazee wa Kolandoto na nchi yote ya Shinyanga walizijua bunduki kwa njia ya misafara. Katika karne ya 19 Wanyamwezi, na Wasukuma pamoja nao, walichukua pembe za ndovu mpaka pwani, wakarudi na nguo, shanga na silaha. Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, alijipatia nguvu kwa vijana wake rugaruga wenye bunduki hizo. Kiswahili kimehifadhi aina zake: bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi, ya gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe, na ya fataki. Zote zilishindiliwa baruti mdomoni kwa mdeki. Gobori la mwindaji wa kijijini ni wa ukoo huo.

Mwaka 1890 mataifa yalipatana huko Brussels kuzuia bunduki za kisasa zisiingie katika sehemu kubwa ya Afrika, yakisema nia ni kukomesha biashara ya watumwa. Gumegume hazikukatazwa. Basi mwenyeji akabakiwa na silaha ya babu yake, na mgeni akaja kuwinda na bunduki ya viasi. Sisi hatuoni kwamba hiyo ilikuwa haki. Tena kulikuwa na hatari ndani yake, kwa kuwa bunduki iliyorithiwa mara mbili tatu huwa imelika.

Hulika wapi? Tufungue mtambo tutazame. Kinyundo husukumwa na kamani yenye nguvu, nacho kimeshikamana na kipande cha chuma chenye mapengo mawili. Ukivuta kinyundo nusu, jino dogo huingia katika pengo la kwanza, lenye kina, na hapo bunduki yapasa isifyatuke hata ukivuta kifyatulio. Ukipanza mtambo kamili, jino hukaa katika pengo la pili, ambalo ni la juu juu. Kifyatulio kazi yake ni kulitoa jino hilo tu. Basi uzito wake watokana na kina cha pengo, ulaini wa chuma kwa chuma, na nguvu ya kamani.

Kikiwa kizito mno, mwindaji huvuta kwa mkono mzima, kasiba ikahama, na mnyama akaenda zake na jeraha. Kikiwa chepesi mno, bunduki hulia kwa kugongwa au kwa kuangushwa. Bunduki nyingi za kuwindia humtaka mtu avute kwa nguvu ya ratili 3 hadi 5. Mafundi wa Kijerumani walipenda vifyatulio viwili: cha nyuma huvutwa kwanza, kisha cha mbele hufyatuka kwa uzito wa wakia chache tu. Ni kitu kizuri kwa aliyekaa ametulia juu ya jiwe. Kwa anayepita vichakani, sisi hatungemtamania.

Fundi hupima hivi: huhakikisha bunduki ni tupu, huisimamisha mdomo juu, hupanza mtambo, kisha hutundika mizani kwenye kifyatulio na kuinua polepole. Kama ni chepesi, dawa ni kazi ya fundi mwenye vyombo. Mwenye tupa na haraka hulipunguza pengo kwa kutaka wepesi, na kumbe ameondoa ule ugumu wa juu wa chuma. Baada ya siku chache jino huteleza lenyewe.

Wala si maskini tu waliopatwa. Mwaka 1858 Mwingereza John Hanning Speke alitoka Kazeh, karibu na Tabora ya sasa, akapita katika nchi hii ya Usukuma, na mwezi wa Agosti akaliona ziwa kubwa karibu na Mwanza. Alipigana na joto, homa na njaa, akarudi kwao salama. Tarehe 15 Septemba 1864 alikuwa akiwinda kware karibu na Bath, Uingereza. Kesho yake alikuwa ajibizane na mwenzake wa safari, Burton, mbele ya wataalamu, juu ya chimbuko la Nile. Alipopanda ukuta mfupi wa mawe bunduki yake ikalia, akapigwa kifuani, akafa upesi, umri wake miaka 37. Wengine walinong'ona kwamba alijiua. Baraza la uchunguzi lilisema ni ajali.

Mnara wake wa mawe mekundu umesimama katika bustani ya Kensington, London. Umeandikwa jina lake, jina la ziwa, jina la mto, na mwaka 1864. Habari za bunduki hazikuandikwa.