Gari la kale likigoma kuwaka, fuata njia ya cheche

Kando ya barabara kuu ya Nairobi-Mombasa, katika miji kama Sultan Hamud, Emali na Kibwezi, si ajabu kukuta gari la miaka ya 1970 limefunikwa turubai uani. Mara nyingi ni Peugeot 504, aina iliyoshinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na iliyosafirisha abiria wa masafa marefu kwa miaka mingi nchini Kenya. Siku mwenyewe anapotaka kulifufua, injini huzunguka lakini haiwaki.

Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Koili hununuliwa, kisha plagi, kisha distribyuta nzima, na gari bado limegoma. Ilhali mfumo wa moto wa magari hayo ni sahili, na hitilafu yake inaweza kupatikana kwa balbu ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili, mradi mtu afuate njia ya umeme kwa utaratibu.

Kwanza ni usalama. Mwaga petroli ya zamani, kwani huharibika baada ya miezi kadhaa, na uhakikishe hakuna mahali inapovuja. Tazama kama panya wametafuna nyaya. Cheche ya plagi hubeba maelfu ya volti, kwa hiyo usishike waya wake kwa mkono mtupu, wala usijaribu cheche karibu na kabureta.

Pili, pima betri. Iliyojaa huonyesha takriban volti 12.6, ikiwa chini ya 12.4, ichajiwe. Sugua vichwa vyake, pamoja na mahali waya wa ardhi unapofungwa kwenye bodi na injini. Kutu kidogo hapo yatosha kuinyima koili nguvu wakati stata inapozungusha injini.

Tatu, fanya jaribio litakaloigawa kazi mara mbili. Chomoa kwenye kifuniko cha distribyuta waya mnene wa katikati utokao kwenye koili. Ushike kwa koleo yenye mpini wa mpira, ncha yake ikiwa kama milimita sita kutoka kwenye chuma cha injini, na mwenzako azungushe stata. Cheche kali ya samawati ikiruka, koili na pointi ni nzima. Tatizo liko mbele, kwenye kifuniko, rota, nyaya au plagi. Isiporuka, tatizo liko nyuma.

Ikiwa liko nyuma, washa swichi na uguse kwa balbu upande wa koili unaopokea umeme, waya wa pili wa balbu ukiwa kwenye chuma cha injini. Isipowaka, kagua fyuzi, swichi na nyaya. Ikiwaka, hamia upande wa koili unaokwenda kwenye distribyuta, kisha injini izungushwe. Balbu inapaswa kuwaka na kuzimika kwa zamu. Ikibaki imewaka, pointi hazipitishi umeme. Ikibaki imezimika, huenda pointi hazifunguki, kondensa au waya wake umegusana na chuma, au koili imekatika ndani.

Katika gari lililolala, pointi ndizo za kushukiwa kwanza. Vumbi la kiangazi na unyevu wa masika huzifunika kwa utando wa kijivu usiopitisha umeme, hata zikionekana safi. Zisugue kwa msasa laini, zipanguse kwa karatasi safi, kisha urekebishe nafasi. Katika magari mengi ni takriban milimita 0.4, lakini kitabu cha gari husika ndicho chenye neno la mwisho. Cheche ikiwa hafifu na ya manjano, na pointi zikiungua upesi, shuku kondensa.

Ikiwa tatizo liko mbele, kagua kifuniko cha distribyuta ndani na nje. Mstari mwembamba mweusi ni ufa au njia ya umeme unaotoroka. Hakikisha kaboni ya katikati haijavunjika. Nyaya za plagi zichomolewe moja moja, kila moja ikitiwa alama. Katika 504 mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, na kubadilisha nyaya mbili tu kwaweza kulifanya gari zima lionekane bovu. Plagi zilizolowa zikaushwe na kusafishwa kabla ya kurudishwa.

Cheche ikiwa kali kwenye kila plagi na gari bado haliwaki, acha mfumo wa moto na uelekee kwenye pampu ya petroli na kabureta.

Kanuni ya kushika ni moja: badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uende kingine. Kifaa cha zamani kisitupwe kabla hakijathibitika kuwa kibovu, kwani kipya cha dukani chaweza kuwa duni kuliko kile kilichokaa miaka 40 kwenye injini.