Ishara ya Tahadhari katika Majokofu ya Chanjo

Chanjo nyingi huhifadhiwa katika nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi. Kifaa cha kielektroniki cha kurekodi joto kwa siku 30, kinachowekwa ndani ya jokofu, huonesha ishara ya tahadhari endapo joto litazidi nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo, au litashuka hadi nyuzi 0.5 chini ya sifuri kwa dakika 60. Muda wa baridi ni mfupi kwa kuwa kuganda huharibu kabisa baadhi ya chanjo, ikiwemo ya homa ya ini B.

Mhudumu akishapitia kumbukumbu, ishara huondoka, lakini tukio hubaki limerekodiwa. Kuondoka kwa ishara hakuthibitishi usalama wa chanjo. Hutengwa kwanza, kisha hukaguliwa.